Faili Moja kwa Duka la Njia Panda: Majibu kwa Wanaoidharau SQLite

Pale Rodi Kopany barabara ya kutoka Homa Bay hugawanyika, mkono mmoja ukielekea Rongo katika kaunti ya Migori, mwingine ukiingia Ndhiwa penye mashamba ya miwa. Katika njia panda hiyo kila biashara ina daftari. Muuza mbegu ana lake, mnunuzi wa karanga za gorogoro ana lake, fundi wa pikipiki ana lake, na mweka hazina wa chama hulala na lake chini ya mto. Madaftari hayo ndiyo yanayojua nani alichukua mfuko wa mbolea mwezi wa tatu akaahidi kulipa akivuna. Daftari likilowa, likiibwa au likitafunwa na panya, deni hubaki neno la mtu dhidi ya neno la mwenzake.

Mimi huziandikia biashara kama hizi programu ndogo kwa lugha ya Python, na kumbukumbu zote huziweka katika faili moja ya SQLite. Kila nifanyapo hivyo hukutana na mapingamizi yaleyale. Huyatoa vijana waliotoka chuoni, huyatoa wauzaji wa mifumo, na wateja nao huyarudia wakiwa wameambiwa na jamaa aliye Nairobi. Baadhi yana chembe ya ukweli, na chembe hiyo nitaiheshimu. Lakini yana gharama: mwenye duka akishaambiwa kwamba hawezi kuwa na kumbukumbu za maana mpaka anunue seva, hufunga mazungumzo na kurudi kwa panya wake.

Kwanza nieleze kitu chenyewe. Hifadhidata kubwa kama PostgreSQL au MySQL ni programu inayokesha, ikingoja programu nyingine zipige hodi, zitoe nenosiri, ziulize. Inataka mtu wa kuisimika na kuichunga. SQLite haina bawabu. Ni maktaba ya maagizo inayoingia ndani ya programu yako na kusoma au kuandika faili iliyo kwenye diski, basi. Kwa Python huhitaji hata kuipakua, kwa kuwa moduli ya sqlite3 imo ndani ya lugha hiyo tangu toleo la 2.5 la mwaka 2006. Unaandika import sqlite3, unataja jina la faili, na duka limepata masijala.

Sasa tuyasikie mapingamizi.

La kwanza ni kwamba SQLite ni kitu cha kujifunzia tu, ukifika kazini unakiacha. Historia yake inasema vingine. D. Richard Hipp aliianza mwaka 2000 alipokuwa akiandika programu ya meli ya kivita ya jeshi la majini la Marekani. Programu ile ilitegemea seva ya hifadhidata, na seva ilipozima programu nayo ilikwama, lawama zikamwangukia aliyeandika programu. Akataka njia ya kusoma data moja kwa moja kutoka diskini bila kumtegemea mtu wa kati. Yaani shida iliyoizaa SQLite ndiyo shida ya Rodi: kazi lazima iendelee hata pale mfumo wa mbali umelala.

Na aliye kaunta ameishika mkononi bila kujua. Simu ya Android huhifadhi ujumbe mfupi ndani ya faili ya SQLite. WhatsApp huhifadhi mazungumzo yake ndani ya faili ya SQLite. Ule ujumbe wa M-Pesa unaothibitisha kwamba mteja amelipa, ukishaingia kwenye simu kama hiyo, hukaa humo. Ni ushahidi tunaoukubali kila siku, tukimkabidhi mtu mfuko wa mbolea kwa kuusoma tu. Watafiti wanaopita nyumba kwa nyumba na ODK, mfumo ulioanzishwa Chuo Kikuu cha Washington mwaka 2008 na ambao AMPATH, taasisi ya afya ya Eldoret, ilikuwa miongoni mwa walioutumia mapema katika upimaji wa VVU vijijini, hubeba simu ambamo orodha za fomu zimewekwa katika SQLite. CSPro, programu inayotumiwa na ofisi nyingi za takwimu kwa sensa na tafiti, imekuwa ikiweka majibu katika faili za SQLite tangu toleo lake la 7. Kinachofaa kuhesabu watu wa nchi nzima hakiwezi kuwa kidogo mno kwa mifuko ya mbolea ya DAP.

Kuhusu ukubwa sitakawia. Kikomo cha faili moja ya SQLite ni takribani terabaiti 281. Duka linalouza mara 200 kwa siku, bila kupumzika hata Jumapili, hufikisha mauzo 73,000 kwa mwaka. Kwa miaka ishirini ni mistari isiyofika milioni moja na nusu, na laptopu ya mtumba, ikiwekewa faharasa inayofaa, huitafuta kufumba na kufumbua.

Pingamizi ninalolisikia kwa sauti kubwa kuliko yote ni hili: stima ikipotea, faili inaharibika na data yote inakwenda. Hofu hii naielewa. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima iliingia gizani, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, na kwetu huku hatuhitaji giza la kitaifa ili tuwashe taa za sola. Kwa hiyo jambo hili nitalikalia.

Fikiria mauzo ya kawaida msimu wa kupanda. Mama mmoja amechukua mifuko miwili ya mbolea kwa mkopo. Programu inapaswa kufanya mambo mawili kwa uchache: kupunguza mifuko miwili kwenye stoki, na kuongeza deni kwenye jina lake. Stima ikikatika baada ya jambo la kwanza na kabla ya la pili, mifuko imetoka na deni halipo. Mwenye duka amepoteza pesa, na mwisho wa mwezi kijana wa kaunta ataitwa mwizi. Nimeona watu wakikosana hivyo.

SQLite huyafunga mambo hayo mawili katika muamala mmoja: yote yafanyike au lisifanyike hata moja. Kwa Python, con ikiwa muunganisho na faili, huandikwa hivi:

with con:
    con.execute("UPDATE stoki SET idadi = idadi - ? WHERE bidhaa = ?", (2, bidhaa))
    con.execute("INSERT INTO madeni (mteja, bidhaa, senti) VALUES (?, ?, ?)", (mteja, bidhaa, senti))

Kinachotendeka chini yake ni kazi ya mhasibu mwangalifu. Kwa desturi yake, kabla ya kugusa ukurasa wowote wa faili, SQLite hunakili ukurasa wa zamani kwenye faili ya pembeni na kuhakikisha umefika diskini. Kisha ndipo hubadilisha ukurasa wenyewe. Mabadiliko yote yakishafika diskini, ile faili ya pembeni hufutwa, na kufutwa huko ndiko kutiwa sahihi kwa muamala. Umeme ukikatika katikati, kesho yake programu ikifunguliwa SQLite huikuta faili ya pembeni bado ipo, hujua kwamba kazi haikumalizika, na hurudisha kurasa za zamani mahali pake. Mbolea hurudi kwenye stoki kana kwamba hakuna aliyeigusa, nawe unaandika upya mauzo yale.

Usiniamini kwa maneno. Chukua laptopu kuukuu ambayo betri yake imekufa, andika programu inayoingiza mauzo mfululizo, kisha uchomoe waya wa umeme. Washa tena, uiulize faili kwa amri ya PRAGMA integrity_check. Jibu unalolitafuta ni neno moja, ok. Rudia mpaka utosheke.

Kwa nini basi watu wazima na akili zao huapa kwamba SQLite ilimeza data yao? Mara nyingi nilipoitwa kutazama nilikuta kitu kimoja: mwandishi wa programu alisahau kuthibitisha muamala. Moduli ya sqlite3 hukufungulia muamala kimyakimya mara unapoandika, na usipoita commit, au usipotumia with kama hapo juu, mauzo ya siku nzima hubaki hewani. Programu ikifungwa, yanatoweka. Hapo faili haikuharibika, ilitii tu agizo ambalo halikukamilika. Chembe ya ukweli ipo mahali pamoja: kuna diski na flashi za bei ya chini zinazoiambia kompyuta kwamba zimeandika ilhali hazijaandika. Dhidi ya kifaa kinachodanganya hakuna hifadhidata yenye kinga, iwe ndogo au kubwa. Nunua diski nzuri kabla ya kununua kiti cha kuzunguka.

Wengine husema: basi tumia faili ya kawaida ya JSON, kwa nini ujitese na SQL? Ushauri huu hutolewa kwa nia njema na ndio unaoumiza zaidi. Python ikifungua faili kwa modi ya "w", kitendo cha kwanza ni kuifuta faili yote hadi sifuri, kabla hata herufi moja haijaandikwa. Umeme ukikatika katika nukta hiyo, unachobaki nacho ni jina la faili na ndani hamna kitu. Tena kila deni jipya, hata la shilingi hamsini, hulazimisha madeni yote yaandikwe upya kuanzia la kwanza.

TinyDB, maktaba nyingine ndogo ya Python inayohifadhi kwa JSON, ni nzuri na nyepesi, nami huitumia kwa mipangilio ya programu. Lakini maelezo yake yenyewe yanakuambia waziwazi usiichague ikiwa unahitaji programu zaidi ya moja kuifikia kwa pamoja, au uhusiano kati ya majedwali, au hakikisho la miamala. Duka linahitaji vyote vitatu. Kuhusu pickle nitasema neno moja tu: kufungua faili ya pickle iliyotoka kwa mtu usiyemjua ni kumruhusu aendeshe amri zake kwenye kompyuta yako. Madeni ya watu hayawekwi humo.

Na SQL yenyewe si mateso. Swali la nani anadaiwa zaidi ya shilingi elfu tano tangu mwezi wa tatu, kwa mpangilio wa ukubwa wa deni, huwa mistari mitatu au minne. Kijana aliyemaliza kidato cha nne anaisoma na kuielewa alasiri moja.

Kisha husemwa kwamba watu wawili hawawezi kuitumia kwa wakati mmoja. Hapa ukweli una vipimo vyake, na tuvitaje. Wasomaji wanaweza kuwa wengi. Mwandishi ni mmoja kwa kila nukta. Lakini kuandika mauzo huchukua sehemu ndogo sana ya sekunde, na Python kwa desturi humfanya mwandishi wa pili asubiri hadi sekunde tano kabla ya kulalamika. Wahudumu wanne wa kaunta, hata wiki ile ya mvua za kwanza ambapo foleni hufika barabarani, hawagongani kwa kiasi cha kujulikana. Ukiongeza agizo la PRAGMA journal_mode=WAL, wanaosoma hawamzuii anayeandika wala yeye hawazuii wao.

Ujumbe wa kosa unaosema hifadhidata imefungwa huwa na chanzo kingine, na nimeukuta mara kwa mara katika programu zinazopokea malipo ya M-Pesa. Mwandishi hufungua muamala, hutuma ombi la malipo kwenye simu ya mteja, kisha humngoja mteja aweke namba yake ya siri huku muamala ungali wazi. Mteja anatafuta miwani. Anauliza kiasi. Mtandao unasuasua. Muda wote huo kaunta nyingine zimesimama. Dawa ni kuandika ombi kama "linasubiri" na kufunga muamala papo hapo. Jibu la malipo likifika, unafungua mwingine. Hata PostgreSQL itakuadhibu ukikumbatia kufuli namna hiyo.

Nakubali mipaka miwili. Usiweke faili ya SQLite kwenye folda ya pamoja ya mtandao ili kompyuta tatu ziiandikie kupitia waifai. Ufungaji wa faili kwenye folda za namna hiyo hauaminiki na siku moja utajuta. Weka faili kwenye kompyuta moja, na hizo nyingine ziongee nayo kupitia programu ndogo, hata ya Flask, maktaba ya Python ya kurasa za wavuti. La pili: Sacco yenye matawi Homa Bay, Rongo na Ndhiwa, yote yakiandika kwa pamoja kutwa nzima, itafute PostgreSQL na mtu wa kuichunga. Duka moja halihitaji vazi la Sacco.

Excel nayo ina mawakili wake. Ni kifaa kizuri cha kuhesabu, lakini katika kutunza kumbukumbu kina tabia zake. Andika namba ya simu inayoanza na 07 na sifuri huondoka. Panga safu ya majina peke yake bila safu ya madeni, na deni la huyu limemwangukia yule. Mwaka 2020 mamlaka za afya za Uingereza zilichelewa kuripoti wagonjwa 15,841 wa korona kwa sababu matokeo yalipitishwa katika muundo wa zamani wa faili za Excel, wenye kikomo cha mistari 65,536. Ilipojaa, iliyozidi ikaachwa nje. Nchi yenye wataalamu na bajeti ilipatwa na hilo. Sifuri ya simu, niongeze, itapotea hata kwenye SQLite ukiitangaza safu ya simu kuwa INTEGER. Namba ya simu haijumlishwi wala haigawanywi. Itangaze kuwa TEXT.

Hapo ndipo linapoingia pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote, la wale wasemao SQLite hukubali takataka yoyote unayoitupia. Ni kweli. Kwa desturi yake, safu uliyoiita ya namba itapokea neno "kesho" bila kuguna. Na uhusiano kati ya majedwali haulindwi mpaka uiagize, kwa hiyo unaweza kumfuta mteja na madeni yake yakabaki yakielea bila mwenyewe. Haya ni maamuzi ya zamani ya waliounda SQLite, na kwa maoni yangu hayakuwa mazuri kwa mtu anayeanza. Lakini yana tiba. Tangu toleo la 3.37 la mwaka 2021 unaweza kumalizia jedwali kwa neno STRICT, na aina za data zikalindwa. Kila unapofungua muunganisho, agizo la kwanza liwe PRAGMA foreign_keys = ON. Weka CHECK kwamba bei haiwi chini ya sifuri. Na pesa zihifadhi kama senti kwa namba kamili, kwa maana Python ikijumlisha 0.1 na 0.2 haipati 0.3 kamili, na ukijumlisha bei za magorogoro kwa mwaka mzima tofauti ndogo ndogo zitakuletea hesabu isiyofunga. Mistari mitano ya kuanzia, na lawama hii imepata jibu lake.

Usalama. Husemwa kwamba faili haina nenosiri, hivyo ni kuvunja sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ni ya mwaka 2019, na Kamishna wa kwanza wa Data, Immaculate Kassait, aliapishwa Novemba 2020. Sheria hiyo inamtaka mwenye data ya watu ailinde ipasavyo. Haimlazimishi atumie hifadhidata ya aina fulani. Ni kweli kwamba anayeondoka na laptopu yako ameondoka na faili. Lakini anayeondoka na daftari ameondoka na madeni, majina na siri za kijiji kizima, na hakuna aliyewahi kulifungia daftari nenosiri. Usimbaji wa diski unaokuja na mfumo wa kompyuta wenyewe uwashwe, na anayetaka zaidi atumie SQLCipher, inayosimba faili yenyewe. Zaidi ya yote, usikusanye usichohitaji. Kumuuzia mtu dawa ya kupe hakukupi sababu ya kuhifadhi namba ya kitambulisho chake.

Hatari halisi iko kwingine, na kwa sisi wa huku ina sura ya pekee. Angalia tena zile alama za kuuliza katika mistari niliyoandika juu. Waandishi wengi wachanga huziacha na kulibandika jina la mteja au bidhaa moja kwa moja ndani ya amri ya SQL. Ifikapo "dawa ya ng'ombe", hifadhidata huisoma ile ritifaa kama mwisho wa neno, na programu huanguka. Nchi ya Waluo imejaa majina yenye ng'. Kila mteja wa pili angeiangusha. Na kile kinachoweza kuangushwa na ng'ombe bila kukusudia, mwenye nia mbaya anaweza kukitumia kufuta jedwali zima kwa kukusudia. Alama ya kuuliza hulitenga neno na amri, na ng'ombe akapita salama.

Nimeambiwa pia kwamba zama hizi kila kitu ni wingu. Wingu hulipiwa kila mwezi, mara nyingi kwa dola, na hufikiwa kwa bando. Bando likiisha saa nne asubuhi siku ya soko, duka lililoweka masijala yake yote mbali haliwezi kujua kama mfuko wa mwisho umeuzwa. Faili iliyo chini ya kaunta haiulizi bando. Wingu nalipenda kwa kazi moja: kutunza nakala usiku.

Na kuhusu nakala nina la kusema kutoka kwangu mwenyewe. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nikinakili faili ya duka moja kwa kuiburuta kwenye flashi huku programu ikiwa wazi. Siku laptopu ilipoharibika, nikafungua nakala, nikakuta mauzo ya siku za karibuni hayamo. Katika hali ya WAL, maandishi mapya hukaa kwanza kwenye faili ya pili yenye mkia wa -wal, na yanaweza kukaa humo muda mrefu ikiwa mauzo ni machache na programu haifungwi. Nilikuwa nimebeba sanduku nikaacha barua mlangoni. Kosa lilikuwa langu, na mwenye duka alinivumilia kuliko nilivyostahili. Tulikaa jioni mbili tukiyarudisha mauzo kutoka kwenye jumbe za M-Pesa na daftari ambalo, kwa bahati, hakuwa ameliacha. Njia sahihi imo ndani ya Python tangu toleo la 3.7: con.backup, mistari miwili, nayo hunakili kila kitu hata programu ikiwa kazini.

Ndiyo sababu simwambii mtu alitupe daftari. Betri ikifa, andika kwa kalamu, kisha uingize baadaye kwa tarehe ya kweli.

Pingamizi la mwisho halikutoka kwa mtaalamu. Mzee mwenye duka, tunayemwita Jaduong', aliniuliza: "Nyathina, mwanangu, ukihamia Nairobi, au nikifa mimi, nani atalifungua hili?" Katika maswali yote niliyoulizwa, hilo ndilo lililokuwa na haki ya kuulizwa kwanza. Nilimjibu kwamba SQLite haina mwenyewe wa kumdai leseni, kwani waundaji wake waliitoa iwe mali ya umma. Muundo wa faili yake haujabadilika kwa namna ya kuzifanya faili za zamani zisisomeke tangu toleo la 3 la mwaka 2004, na waundaji wameahidi kuutunza hadi mwaka 2050. Maktaba ya Bunge la Marekani inautaja miongoni mwa miundo inayofaa kuhifadhi data kwa muda mrefu. Ipo programu ya bure, DB Browser for SQLite, inayofungua faili hiyo na kuonyesha majedwali kama kurasa za daftari, hata kwa mtu asiyejua Python. Nikamwita mjukuu wake, binti wa kidato cha tatu, nikamwonyesha mara moja. Akafungua jedwali la madeni akamsomea babu yake majina, mmoja mmoja, na mzee akawa anaitikia.

Kama unatunza faili ya namna hii, leo kabla ya kufunga duka toa nakala kwa con.backup, ipeleke nyumba nyingine isiyo ile yenye laptopu, na kesho asubuhi ifungue huko uone kama mauzo ya leo yamo.